Kilo za Maji

Niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kuweka sikio juu ya mkono wa mtu ukasikia kitu kinavuma ndani, kama mzinga wa nyuki uliofunikwa blanketi? Kama hujawahi, sogea hapa nikueleze habari za Wahu na Weldon. Mapenzi yao yalianzia kwenye mizani, lakini ni mkono huo uliowafundisha.

Ilikuwa asubuhi ya kupima majani pale kituo cha Sosiot. Aliyezaliwa kwenye chai anazijua kelele zake. Akina mama wameinamia magunia mgongoni, wamejifunga nailoni kiunoni kwa sababu ya umande. Wenye pikipiki wanapiga honi bila sababu. Lori la kiwanda linanguruma mlangoni likitaka kujazwa. Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba, vilima vikaonekana nusu nusu. Katikati ya watu hao akaingia msichana amevaa rinda la kitenge cha manjano, la mikono mirefu, lililomkaa vizuri kwa sababu alilishona mwenyewe. Hakuwa na gunia wala kikapu. Akapita foleni yote mpaka mbele.

"Karani, habari ya asubuhi. Naomba nipande kwa mizani yako."

Karani akainua kichwa. Kijana mrefu, kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi, kalamu nyuma ya sikio. Huyo ndiye Weldon. Alikuwa mgeni hapo, amehamishwa juzi tu kutoka Fort Ternan.

"Unapima nini?"

"Mimi."

"Wewe?" Weldon akawageukia wakulima. "Mnaskia huyu? Madam, hapa tunachukua majani mawili na chipukizi. Sasa wewe nikuandike kama nini?"

Foleni ikacheka. Wahu naye akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimemtoka siku nyingi.

"Si uniandike chipukizi."

"Haya, panda, Chipukizi. Lakini ukiwa na umande nakukung'uta kwanza. Hiyo ni sheria. Kilo za maji mimi sihesabu."

Kicheko cha Wahu kikakatika kidogo, lakini hakuna aliyeona. Akapanda mizani ya mbolea iliyokuwa sakafuni, akasoma namba yake, akashuka.

"Asante, karani."

"Na kesho?"

"Kesho tena. Na kesho kutwa. Kama hutachoka."

"Nichoke? Kesho nitakuja hata kabla ya jogoo!"

Basi wacha nikwambie kwa nini msichana mzima alitaka kupimwa kila asubuhi kama gunia. Figo za Wahu zilikuwa zimelala, na hazikuamka tena. Alilazwa kule Kericho mpaka akazoea rangi ya dari, na alipoachiliwa kwenda nyumbani, muuguzi wa chumba cha mashine za kusafisha damu, Sista Apiyo, alimshika bega akamwambia: "Jumanne na Ijumaa mashine itakufanyia kazi. Hizo siku zingine daktari ni wewe. Ukizembea, hakuna mtu atakuona."

Wahu hakuzembea. Kila alfajiri, kabla ya kufungua pazia, aliweka vidole juu ya mkono wake wa kushoto, mahali daktari wa upasuaji aliunganisha mishipa miwili. Pakivuma, alijua njia ya damu iko wazi. Siku pakinyamaza, ni kukimbia hospitali bila hata kufunga mlango. Halafu mizani, kwa sababu kilo inayoongezeka ghafla kwa mtu kama yeye si nyama, ni maji yaliyokosa mlango wa kutokea. Viazi alivikata vidogo, akaviloweka, akavichemsha, akamwaga maji, akachemsha tena. Maji yake ya kunywa ya siku nzima yalikaa kwenye chupa moja ndogo, na aliyanywa kwa kifuniko, akiyazungusha mdomoni kwanza kama mtu anayeonja asali. Na hiyo ni Kericho, bwana, ambako mvua hunyesha kila alasiri kama imeajiriwa! Maji yanashuka kwenye mabati, yanapiga kelele kwenye mitaro, na yeye ameketi kwenye cherehani yake, amekauka ulimi, anashona.

Mambo hayo aliyajua vizuri mpaka Sista Apiyo akamkabidhi wengine waliokuwa wanatoka wodini. Mmoja alikuwa Mzee Hezekiah wa Litein, mbishi kama nini.

"Mzee, mboga umechemsha mara mbili?" Wahu alimuuliza kwa simu.

"Mara moja na nusu."

"Nusu ni nini?"

"Moto ulizimika, mwalimu."

Lakini hapo Sosiot hakuna aliyejua. Wahu alitoka kwao Londiani makusudi. Kule, tangu augue, watu walikuwa wakimwona wanapunguza sauti, kama waliofika kwenye matanga. Hata James, aliyekuwa amchumbie, alikuja na mchungaji, wakaomba maombi marefu sana, na baada ya amina James hakupiga simu tena. Ndipo Wahu akafungasha cherehani yake, akafungua duka mkabala na kituo cha majani, akawaambia majirani kwamba Jumanne na Ijumaa huenda Kericho kutafuta vitambaa.

Na sasa amepatikana mtu wa kumtania kwa sauti kubwa! "Nikimwambia, atapunguza sauti," Wahu alijiambia. Hilo ndilo aliloogopa kuliko sindano.

Weldon hakujua kuchelewa. Wahu akifika tu dukani, simu inalia.

"Chipukizi wangu, umefika salama?"

"Weldon, nimevuka barabara tu. Si unaniona?"

"Nakuona. Lakini barabara ina mambo mengi. Umekula?"

"Nimekula."

"Unataka nikuletee nini?"

"Si kitu. Niko sawa."

Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Si kitu, niko sawa. Chai? Niko sawa. Kiti? Niko sawa. Lakini mwanamume anayependa hasikii hayo. Weldon akaleta mkungu wa ndizi mbivu kutoka kwao Sigowet. Akaleta maparachichi makubwa kama kichwa cha mtoto. Masikini, hangejua kwamba ndani ya vitu hivyo kuna chumvi fulani ambayo figo zikilala haina pa kwenda, na ikijaa kwenye damu husimamisha moyo. Wahu alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na jioni akavipitisha kwa jirani yake Dorine, muuza chipsi. Dorine akanawiri wakati huo mpaka watu wakamuuliza ameolewa na nani.

Mwishowe Weldon akasema, "Jumamosi nakupeleka kwa mama."

"Atanipenda?"

"Mama anapenda mtu anayekula."

Jumamosi hiyo Wahu alivaa rinda la buluu iliyoiva lenye kola nyeupe, nywele amesuka mistari midogo, na viatu vya chini kwa sababu ya matope. Mama Weldon aliwapokea mlangoni, mwanamke mpana wa mabega, kitambaa kichwani, macho makali yanayocheka upande.

"Chamgei, mwanangu."

"Chamgei mising, mama."

"Aa! Amejua kusalimia! Ingia, ingia."

Kisha akaleta kibuyu. Si kibuyu cha kila siku. Kilikuwa kimepambwa shanga kwenye ukanda wa ngozi, kimepakwa mafuta kinang'aa. Ndani kulikuwa na mursik, maziwa yaliyolala siku nyingi na masizi ya mti wa senetwet mpaka yakawa na rangi ya mawingu ya mvua.

"Hii nimeilaza tangu niliposikia jina lako," mama akasema akimimina. "Kuna watu wa upande wenu wakija hapa wanaangalia maziwa yetu hivi." Akabana pua, akacheka. Lakini macho hayakucheka.

Wahu alikuwa amefungua mdomo aseme si kitu, niko sawa. Akauona uso wa mama ukianza kujifunga. Akamwona Weldon, ameketi ukingoni mwa kiti kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo. Akisema hapana, yeye ni Mkikuyu anayedharau kibuyu. Akieleza kwa nini, yeye ni maiti inayotembea. Akashika kikombe akanywa.

Mungu wangu! Maziwa yalikuwa baridi, mazito, yenye uchachu mtamu na harufu ya moshi. Yalipita kooni kama mto unaorudi kwenye njia yake ya zamani. Wahu alishangaa mpaka machozi yakamlenga. Alikuwa amesahau kwamba kumeza kunaweza kuwa furaha. Na kikombe kikawa tupu. Sasa, mgeni akimaliza kikombe nyumba hiyo, unadhani aachwe hivyo? Mama akamimina tena. Na tena. Kisha ikaja chai.

"Huyu ni wetu," mama akamwambia Weldon pembeni, lakini kwa sauti ya kusikika.

Jumatatu asubuhi Wahu alivuka barabara polepole. Usiku aliketi akiegemea mto kwa sababu akilala chini pumzi ilikataa, na viatu alivivaa bila kufunga. Akapanda mizani kwa mazoea tu. Weldon akasoma namba, akasoma tena, uso ukawaka.

"Wacha! Watu wangu, njooni muone! Chipukizi ameongeza kilo! Mama amemlisha siku moja tu, oneni!"

Mama mmoja akatua gunia lake akapiga kigelegele. Kwao, msichana akinenepa baada ya kuonja nyumba ya mwanamume, hilo ni jibu tayari. "Hiyo ni mursik!" akasema. "Maziwa yetu yamemkubali!" Foleni nzima ikapiga makofi, na Weldon akavua kofia akaipunga kama aliyeshinda uchaguzi.

Wahu alisimama juu ya mizani, miguu imevimba, akivuta hewa kama anayepanda mlima.

"Ni maji, Weldon."

"Ati?"

"Si ulisema, 'Kilo za maji mimi sihesabu'? Hizi zote ni maji."

Akashuka, akaenda. Weldon akabaki na kofia mkononi, hajaelewa hata neno moja.

Kule Kericho, Sista Apiyo hakungoja Jumanne. Alimfunga kwenye mashine siku hiyo hiyo. "Wewe ndiye mwalimu wa wazee wangu, Wahu! Umekunywa nini?"

"Mursik."

"Kikombe?"

"Karibu kibuyu."

Sista Apiyo akaweka mikono kiunoni. "Yaani mapenzi yamekushinda sana mpaka uzame ukiwa nchi kavu?" Kisha akageuka upande, akajifuta jicho.

Wahu akabaki mjini kwa binamu yake. Simu ikalia kila siku, hakushika. Ujumbe ukaingia: "Sikukusudia kukuita mnene. Wewe ni mwembamba kabisa. Nisamehe, kipenzi." Mwingine: "Hata ungekuwa mnene ningekupenda. Lakini wewe si mnene." Wahu alicheka mpaka akalia, na alipoanza kulia hakujua kunyamaza. Angemjibu nini? Alikuwa amemnyima jambo moja tu, ukweli, na sasa ukweli ulikuwa umechelewa.

Ijumaa alikuwa kwenye mashine, mkono umenyooshwa na sindano mbili ndani, Mzee Hezekiah kwenye kiti cha pili. Simu ikaanza tena. Kabla hajaifikia kwa mkono wa kulia, mzee alishaichukua.

"Haloo! Huyu ni Hezekiah... Mwanamume gani? Kijana, mimi nina wajukuu!... Eee, yuko hapa Kericho, hospitalini. Tumefungwa pamoja kwa mashine ya figo, hawezi kukimbia. Kuja upesi."

"Mzee! Umenifanyia nini?"

"Wewe unaninyima supu. Mimi nakunyima kujificha."

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza Weldon alipofika, maji yanamtiririka kwenye koti la nailoni. Sista Apiyo akamvalisha gauni la wageni, fupi kwake, akamwonyesha mlango. Weldon akasimama. Akaona mirija miwili myekundu ikitoka mkononi mwa Wahu, ikiingia kwenye mashine, ikizunguka, ikirudi. Akaona miguu iliyokuwa imevimba Jumatatu sasa imesinyaa ndani ya soksi. Uso wake ukabadilika, mdomo ukafunguka.

Wahu akafumba macho akangoja. Sasa atapunguza sauti.

"Kwa hivyo hii ndiyo karani inayokukung'uta?" Weldon akasema, kwa sauti ile ile ya kituo cha majani, mpaka mgonjwa wa kona ya mwisho akageuka.

Mzee Hezekiah akaangua kicheko. Wahu akafumbua macho.

"Ndiyo. Tena hii haina mdomo mrefu kama wewe."

Weldon akavuta kiti karibu, akakaa. Akaangalia mrija. "Na hii ni..."

"Ni mimi. Natoka nje kidogo, nasafishwa, narudi."

"Aai." Akaifuata damu kwa macho mpaka ikaingia, akaingoja upande wa pili kama mtu anayengoja mgeni kituoni. "Unarudi wote?"

"Wote. Nikirudi nina joto."

"Na siku zingine?"

Wahu akamweleza. Vidole alfajiri, mizani, viazi vya kuchemsha mara mbili, kifuniko cha chupa. Ndizi. Weldon akashika kichwa. "Nilikuwa nakuletea kifo kwa mkungu!"

"Muulize Dorine, amenawiri."

"Na unafanya haya kila siku? Huchoki?"

"Nachoka sana, Weldon," akasema, na hakuwa amewahi kumwambia mtu hilo.

Mvua ilipiga mabati. Weldon akasema, "Mimi kila asubuhi nakung'uta maji ya watu kwa majani. Yako nikayapigia makofi." Kisha akajinyoosha. "Wahu, ile Jumamosi kwa mama, nilitaka nikuulize..."

"Usiniulize hapa."

"Kwa nini?"

"Mtu akiulizwa akiwa na sindano mkononi, hajui kama ni mapenzi ama ni huruma."

"Si huruma."

"Nakuamini. Lakini mimi nitashindwa kutofautisha."

Weldon akafikiri. "Basi sitakuuliza tena. Siku ukitaka, utasema wewe."

Na kweli hakuuliza. Wahu akarudi Sosiot, akarudi kwenye mizani. "Leo umande ni mwingi, chunga kikombe," Weldon alimwambia, au, "Leo umekauka vizuri, Chipukizi, kiwanda kitakupenda." Badala ya ndizi akaleta tofaa moja, limekatwa vipande, limefungwa kwenye kitambaa. Wengine wa upande huo waliotoka wodini wakasikia habari ya mizani hiyo, wakawa wanakuja kupimwa kabla ya majani, na Wahu anawashika mikono mmoja mmoja akiwauliza, "Umeusikia leo? Unavuma?"

Asubuhi moja Weldon alimkuta dukani ameketi, vidole juu ya mkono.

"Kila siku unaguza hapo. Kuna nini?"

"Weka sikio."

Akavua kofia, akapiga magoti kati ya vitambaa, akaweka sikio. Wahu akauona uso wake ukibadilika. Nje lori la kiwanda lilikuwa linaunguruma, akina mama wanaitana, na Weldon hakusikia hata kimoja. Alikaa hivyo mpaka mtu akamwita kituoni, akaitwa tena.

"Ni wewe hiyo?" akauliza polepole.

"Ni mimi."

"Hailali?"

"Ikilala, nikimbize."

"Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuamka, unajisikiliza kama bado upo. Halafu unaamka unashona."

Alikuwa amepunguza sauti. Wahu aliisikia ikishuka, na moyo ukamruka. Lakini haikuwa sauti ya matanga, hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeingia msituni peke yake akakuta miti mirefu kuliko alivyodhani. Basi Wahu akajua kutofautisha.

"Jumamosi nipeleke kwa mama," akasema.

Mama Weldon alikuwa ameshaelezwa yote. Alimshika Wahu mikono miwili mlangoni, halafu, akikumbuka, akauachilia ule wa kushoto taratibu kama yai. "Kumbe nilikuwa nakuua kwa kukukaribisha, mwanangu. Na wewe ukanywa!"

"Ilikuwa tamu, mama."

"Tamu ni nini, na wewe unazama?" Akawakalisha. Akaleta kibuyu kile kile cha shanga, akakitikisa, akavuta kifuniko chake kidogo cha ngozi. Hakuchukua kikombe. Alimimina ndani ya kifuniko, funda moja tu, akampa. "Weldon amemuuliza sista yenu kwa simu. Amesema hii inaingia kwa hesabu yako ya leo. Na katika nyumba yangu hutamiminiwa kwa kingine, hata nikifa."

Wahu akakipokea. Weldon alikuwa upande wa pili, anakunjakunja kofia.

"Sasa," mama akasema, akijiweka sawa kwenye kiti. "Huku kwetu, watu wa kijana wakifika kwa wazazi wa msichana, wanaulizwa wamekuja kutafuta nini. Lakini huyu wangu anasema amekatazwa kuuliza, na mimi nimechoka kuona mwanamume mzima amekaa mezani kama amemeza kijiko. Basi nauliza wewe. Binti wa Londiani, umekuja kutafuta nini kwetu?"

Maneno yale ya zamani yalimfika Wahu mdomoni yenyewe, si kitu, niko sawa. Akayameza. Akainua kifuniko akanywa funda lake lote, baridi, lenye moshi, akalipitisha polepole mpaka chini. Halafu akamwangalia Weldon.

"Nimekuja kutafuta mume, mama," akasema kwa sauti kubwa. "Namtaka huyu. Nimemtaka tangu asubuhi ile aliponiandika chipukizi."